Kupiga picha za wanyamapori ukiwa Kaloleni, Voi: mwanga, umbali na usalama

Mkaazi wa Kaloleni mjini Voi ana kitu ambacho mgeni hulipa nauli ya ndege kukifuata. Lango la Voi la kuingilia Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Mashariki liko kilomita chache tu kutoka mjini, mlima wa Sagalla unaonekana ukitoka nje, na ndege wa kila rangi hutua kwenye miti ya uani. Hata hivyo, picha nyingi za wanyama wa Voi zinazosambaa mitandaoni hupigwa na watu waliokuja kwa siku mbili wakaenda zao. Mwenyeji mara nyingi hupiga picha ya ndovu siku moja tu: usiku ule alipoingia shambani, kwa simu, huku majirani wakipiga kelele na madebe. Hiyo ndiyo picha ya hatari kuliko zote, na ukiitazama asubuhi huoni kitu ila vumbi na kivuli.

Makala haya ni ya anayeanza, awe na simu ya kawaida au kamera ya mtumba. Mengi yaliyomo yanahusu umbali: jinsi ya kuupima, kuutumia, na wakati wa kuuongeza.

Anza uani kabla ya lango

Kosa la wengi ni kungoja mpaka wapate pesa za mbuga ndipo wajifunze. Wanaingia, simba anatokea kwa nusu dakika, nao bado wanahangaika na vitufe. Mazoezi yafanyike nyumbani, mahali ambapo kukosea hakugharimu chochote.

Mwalimu mzuri kabisa ni mjusi kafiri, yule dume mwenye kichwa cha rangi ya machungwa na mwili wa buluu, anayepiga pushapu juu ya jiwe au ukuta. Haruki angani, hurudi kwenye jiwe lile lile kila siku, na anakuonyesha waziwazi umbali anaouvumilia. Msogelee hatua moja, simama, ngoja. Akiinua kichwa na kuacha shughuli yake, umefika mpakani. Rudi nyuma nusu hatua naye ataendelea na mambo yake. Jifunze mpaka huo kwa mjusi, maana ndio utakaouhitaji kwa ndovu, isipokuwa kwa ndovu unapimwa kwa makumi ya mita. Pia uchuchumae. Picha iliyopigwa kutoka juu humfanya mnyama aonekane kama kitu kilichoanguka chini, lakini iliyopigwa usawa wa macho yake humfanya aonekane kiumbe mwenye makazi yake.

Baada ya mjusi, nenda kwa ndege. Kwezi wenye mgongo wa buluu inayometameta na tumbo la rangi ya kutu wamejaa Voi, na hawaogopi watu. Mnana wakijenga viota mvua zinapoanza, dume hufuma majani akining'inia kichwa chini, na hurudi kwenye tawi lile lile kila baada ya dakika chache. Kaa mbali na mti, lenga kiota, umsubiri aje mwenyewe. Usikate majani yanayoziba kiota ili uone vizuri. Majani hayo ndiyo yanayowaficha makinda dhidi ya mwewe na nyoka, na pia huwapa kivuli. Wapo wapiga picha wanaojisifu kwa picha za makinda wasijue kwamba makinda hao hawakufika jioni.

Nje kidogo ya mji, kwenye vichaka vya kuelekea Sagalla au Mbololo, kuna dikidiki. Wanaishi wawili wawili na hawahami eneo lao, kwa hivyo ukiwaona leo asubuhi, kesho watakuwa hapo hapo. Tumbili na nyani nao ni rahisi kuwapata, lakini usiwape chakula ili wasogee. Tumbili aliyelishwa na mpiga picha leo ndiye atakayempokonya mtoto mkate kesho.

Mwanga wa Voi haungoji

Voi iko chini kidogo tu ya ikweta. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kupanda moja kwa moja kama ndoo inayovutwa kisimani. Wapiga picha wa Ulaya huandika juu ya saa nzima, hata mbili, za mwanga wa dhahabu. Hapa kwetu una kama dakika 40 za mwanga laini kabisa, kisha nyingine 60 ambazo bado zinafaa. Ikifika saa tatu, kivuli chini ya macho ya mnyama ni cheusi na nyasi zimekuwa nyeupe. Jioni ni hivyo hivyo: kuanzia saa kumi na moja mwanga unapendeza, na saa moja kasoro robo shughuli imekwisha.

Joto nalo lina ujanja wake. Kuanzia saa nne asubuhi ardhi hutoa mvuke wa hewa moto unaotetemeka, na chochote unachokipiga kutoka mbali kitatoka kama kimechorwa juu ya maji. Watu hulaumu lenzi, wengine hata huiuza. Lenzi haina hatia. Hakuna kamera ya bei yoyote inayoweza kuinyoosha hewa hiyo. Saa za mchana piga vya karibu: vipepeo, maua ya waridi la jangwani, magome ya mibuyu, au mjusi wako.

Rangi ya udongo wetu ni jambo la kuliwazia sana. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu hujirushia vumbi na kugaagaa kwenye matope ya udongo mwekundu. Chini ya vumbi hilo ngozi yao ni ya kijivu kama ya ndovu wengine. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe, mara nyingi huuona wekundu huo kama kosa na kuupunguza, na ndovu anatoka kahawia iliyopauka. Kwenye mipangilio tafuta mizani ya weupe na uiweke kwenye alama ya jua badala ya kuiacha ijichagulie. Kwenye simu, fungua hali ya kitaalamu ikiwa ipo. Badiliko hilo moja litazipa picha zako rangi ya Voi.

Vumbi hilo hilo ndilo adui wa vifaa. Kamera iwe ndani ya mfuko wa plastiki unapokuwa barabarani, lenzi usiibadilishe garini huku madirisha yakiwa wazi, na vumbi likiingia lipulize kwanza kabla ya kufuta. Ukifuta vumbi kavu kwa shati, unakwaruza kioo.

Kuhusu majira: kiangazi cha Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, ndicho hukusanya wanyama kwenye maji, na majani yakipungua huonekana vizuri. Vuli ya Novemba na Desemba hutawanya wanyama lakini huosha hewa. Anayependa mandhari na ndege aende wakati wa mvua, anayetaka ndovu wengi pamoja angoje ukavu.

Simu inatosha, ukikubali mipaka yake

Futa kioo cha kamera ya simu kabla ya kupiga. Linaonekana dogo, lakini nusu ya picha zenye ukungu ni mafuta ya vidole. Pili, usivute kwa vidole viwili. Simu nyingi hapo haziongezi umbali, zinakata tu picha na kuikuza, na wewe unaweza kuikata baadaye ukiwa nyumbani. Bonyeza na ushikilie juu ya mnyama mpaka simu ifunge mahali pa kulenga, kisha telezesha kidole chini kidogo ili mwanga upungue, hasa ukiwa na anga nyeupe nyuma yake. Ikiwa simu ina uwezo wa kupiga mfululizo, utumie kwa chochote kinachotembea.

Ukipata darubini ya kuazima, weka jicho la kamera ya simu kwenye tundu moja la kutazamia, ulitulize kwa vidole, na utakuwa na lenzi ndefu isiyokugharimu hata shilingi. Inahitaji mazoezi na mkono mtulivu, lakini ndege wa mbali atapatikana.

Mwenye kamera yenye lenzi ya kubadilisha azingatie kasi kwanza. Mnyama anayetembea ataka angalau 1/500 ya sekunde. Ndege arukaye, 1/2000. Ikiwa mwanga hautoshi, pandisha ISO bila woga. Picha yenye chenga husomeka, iliyotikisika haina dawa. Tundu la lenzi lifungue kadiri linavyoruhusu, na lenga jicho. Mkia ukiwa hauonekani vizuri hakuna atakayeuliza, jicho likiwa na ukungu picha imeharibika.

Ndani ya mbuga

Malipo ya kuingia hufanyika kwa mtandao wa eCitizen, na viwango hubadilika, kwa hivyo viangalie usiku wa kabla. Pikipiki haziruhusiwi. Njia nafuu ni watu watano au sita kukodi gari moja na kugawana. Lakini nawashauri mkubaliane mapema kwamba safari ni ya picha. Ukichanganya mpiga picha anayetaka kukaa saa nzima kwenye dimbwi na jamaa anayetaka kuona simba kisha arudi kula pilau, siku itaharibika kwa wote wawili.

Kanuni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, si nyingi: mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, usitoke barabarani, usishuke garini ila mahali palipotengwa, usikaribie mnyama chini ya mita 20, na magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja. Asiyelala kambini atoke ifikapo saa kumi na mbili jioni. Panga safari kwa kuanzia mwisho: mwanga mzuri wa jioni ukukute umekaribia lango, la sivyo utakimbizana na saa na kuvunja kanuni ya mwendo.

Injini izimwe. Ikiwa inanguruma, hata mkono wa chuma hautaituliza lenzi. Badala ya mguu wa kamera, shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze mchele au maharagwe, uulaze kwenye dirisha na lenzi juu yake. Safari ikiisha, maharagwe yanaliwa.

Bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 kwenye mto Voi, ni mahali pa kwanza pa kwenda likiwa na maji. Ukame mkali huliacha tope tupu. Mwamba wa Mudanda, wenye urefu wa takriban kilomita 1.6, ni kati ya sehemu chache unazoruhusiwa kushuka na kupanda kwa miguu. Chini yake kuna dimbwi, na ukikaa juu kimya unapiga picha za ndovu kutoka juu bila wao kubabaika. Hapo ndipo ile kanuni yangu ya usawa wa macho inapovunjwa kwa faida, kwa sababu mistari ya migongo myekundu na vivuli vyao ndiyo picha yenyewe. Kwenye vichaka tafuta swala twiga akisimama kwa miguu miwili kula majani ya juu. Wageni wengi humpita wakikimbilia simba.

Picha za zamani za Tsavo zilizojulikana zaidi duniani ni za Patterson, mhandisi wa daraja la reli, akiwa na simba wala watu aliowaua Desemba 1898. Simba hao sasa wako kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Ni rahisi kumpiga picha simba aliyekufa, hakimbii. Linganisha na kazi ya Mwingereza Will Burrard-Lucas, ambaye mwaka 2017 alimpiga picha ndovu jike wa Tsavo mwenye pembe ndefu ajabu, kwa kamera aliyoiongoza kutoka mbali ikiwa karibu na ardhi. Alifanya hivyo akishirikiana na KWS na shirika la Tsavo Trust. Jike huyo alikufa kwa uzee muda mfupi baadaye, na picha ndizo zilizobaki.

Droni usiingie nayo. Ndani ya mbuga inahitaji kibali cha KWS, na popote nchini mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, inataka isajiliwe. Zaidi ya sheria, ndovu huchukia mvumo wake, kwa kuwa unafanana na wa nyuki.

Ndovu akija kijijini

Wakaazi wa Sagalla wanalijua jambo hilo la nyuki kuliko mtu yeyote. Huko wakulima wamezungushia mashamba nyaya zenye mizinga inayoning'inia kila mita 10. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuka. Uzio huo ni picha nzuri ya mchana, hasa ukimpata mwenye shamba akirina asali, na ukimwomba ruhusa kwanza.

Ndovu mwenyewe akiwa kijijini si wa kupigwa picha na raia. Nasema hivi bila kupinda. Ndani ya mbuga amezoea magari na ana njia ya kuondoka. Shambani amezungukwa na watu, mbwa na mienge, ana hofu, na mara nyingi ana mtoto nyuma yake. Anakimbia zaidi ya kilomita 20 kwa saa kwenye kichaka ambacho wewe unatembea kwa shida. Taa ya simu yako inamulika mita chache tu, kwa hivyo ikiwa umempata vizuri kwenye mwanga wake, tayari umekaribia kupita kiasi. Akiinua kichwa na kufungua masikio, akitikisa kichwa au kugeuka akukabili, usingoje kujua kama anatisha tu. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio yuko katika msimu wa kutafuta majike, na hana subira na yeyote. Kaa ndani ya nyumba, pigia KWS na chifu, na namba zao ziwe kwenye simu kabla ya siku hiyo.

Kamera yako itafanya kazi asubuhi, na hapo inaweza kumsaidia jirani kuliko picha yoyote ya simba. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatoa fidia: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, na pia kuna fidia ya mazao na mali. Sheria hiyo hiyo inamnyima fidia mwenye mazao ambaye hakuchukua hatua za kuyalinda. Kwa hivyo piga picha za aina tatu. Moja ya shamba zima likionekana na kitu kisichohama, kama nyumba au mlima. Nyingine ya karibu, ya nyayo na kinyesi vikiwa na kipimo kando, hata kama ni kalamu. Ya tatu iwe ya uzio, mizinga au moto uliowashwa. Tarehe ya simu iwe sahihi. Picha hizo usizirembeshe kwa programu yoyote, zibaki kama zilivyotoka.

Milimani, na mambo ya kuomba ruhusa

Ukichoka na joto, panda matatu kwenda Wundanyi kupitia Mwatate. Kwenye misitu ya milima ya Taita wako ndege ambao hawapatikani kwingine kokote duniani, na baadhi yao wamebaki wachache mno. Msitu wa Ngangao ni wa takriban hekta 120 tu. Usicheze sauti ya ndege kwenye simu ili dume ajitokeze. Anadhani mpinzani amevamia, anaacha kutafuta chakula na kulinda kiota, na msitu mdogo kama huo ukitembelewa na watu kumi wenye simu kwa siku anachoka. Chukua mwongozaji wa kijijini, anajua mti gani wa kusimama chini yake.

Kwa Wataita kuna fighi, misitu ya kimila, na mapango yaliyohifadhi mafuvu ya wazee wa zamani. Hayo hayapigwi picha bila idhini ya wazee wa mahali hapo, na wakikataa, kataa nawe. Kambi za usalama na magereza, mfano Manyani, usizielekezee kamera kabisa.

Usiseme ni wapi

Tarehe 30 Mei 2014 ndovu aitwaye Satao, mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliuawa na majangili kwa mshale wa sumu ndani ya Tsavo Mashariki. Alikuwa akifuatiliwa na walinzi ardhini na kwa ndege, na bado walimfikia. Mtengeneza filamu Mark Deeble aliwahi kuandika kwamba alimwona Satao akisimama na pembe zake ndani ya kichaka, kama anayezificha.

Ndovu wa aina yake bado wako, nao ni wachache. Picha ya simu huhifadhi ndani yake mahali ilipopigwa. Zima huduma hiyo ya mahali kwenye kamera kabla ya kuingia mbugani. WhatsApp kwa kawaida huondoa taarifa hizo picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama waraka hubaki. Hata zikiondolewa, mlima ulio nyuma unaweza kusema: anayeijua Sagalla au Mudanda atajua ulisimama wapi. Picha ya ndovu mwenye pembe kubwa au ya kifaru ichapishe baada ya wiki kadhaa, na andika Tsavo, basi. Ukiona mzoga au mtego wa waya, piga picha pamoja na alama za mahali, umpe askari wa KWS pekee.

Picha za kawaida zinaweza kufanya kazi pia. Programu ya iNaturalist husaidia kutambua jina la kiumbe, na huficha yenyewe mahali halisi pa spishi zilizo hatarini. Kwa ndege kuna mradi wa Kenya Bird Map, ambapo orodha yako ya asubuhi moja, ikitumwa kwa programu ya BirdLasser, huingia kwenye ramani ya ndege wa nchi nzima. Kazi ya namna hiyo huanza vizuri uani Kaloleni: kalamu, daftari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wale mnana.